Kufuli Ndani ya Sidii

Leo twasoma habari za kufuli lisiloonekana.

Mwaka 2005, huko Marekani, kampuni ya Sony BMG iliuza sidii za muziki zenye programu iliyojificha. Mnunuzi alipoitia sidii katika kompyuta yake, programu ile iliingia humo kimya kimya, imzuie kunakili nyimbo apendavyo. Wahalifu nao wakapata mlango. Wapenzi wa muziki walikasirika sana: wamelipa fedha zao, kisha wadhaniwe wezi! Wengine walishitaki. Mwezi Novemba kampuni ikaziondoa madukani.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 humlinda mwanamuziki. Mwaka 2013 zikaanza stempu za kodi juu ya sidii. Stempu, mnunuzi aliiona kabla ya kutoa fedha.