Banda la Pili Shishiyu

Mwanamume wa Kisukuma akiandika habari za kuku anajitafutia kejeli. Kwetu Shishiyu, huku Maswa, mali iliyozungumzwa shikome, penye moto wa jioni, ilikuwa ng'ombe. Kuku walikuwa wa mama na watoto. Lakini mambo mazito yalipita kwao pia: mtu akiandamwa na balaa alikwenda kwa mfumu, yaani mwaguzi, na kifaranga alichokitia mate yake, kikapasuliwa, na mfumu akasoma chanzo cha balaa mwilini mwa kifaranga. Ng'ombe alilipa mahari. Kuku alisema nani karoga.

Bibi yangu mzaa baba hakuwa na banda hata moja. Kuku walilala ndani, kona ya jikoni, kwa sababu nje kulikuwa na kicheche na mwizi, na utitiri wao tuliugawana sote. Nyuma ya ghala la mtama, hata hivyo, lilikaa tenga kuukuu. Kuku wa zawadi, au aliyeletwa na mgeni kutoka kijiji kingine, hakuingia jikoni siku hiyo. Alifungiwa tengani mpaka bibi aridhike na macho yake, kinyesi chake na hamu yake ya kula. Kwa hesabu yangu, hilo tenga ndilo banda la pili la kwanza nililoliona.

Banda lake kubwa zaidi lilikuwa watu. Wasukuma tuna desturi ya kubilisa: unampa ndugu au rafiki wa mbali ng'ombe wako awatunze na anywe maziwa, ili ugonjwa au ukame ukipiga upande mmoja usikumalize. Bibi alifanya hivyo hivyo kwa kuku, bila kumwomba ruhusa mwanamume yeyote. Alipeleka tembe kwa dada yake Malampaka, vifaranga wakagawanywa. Ugonjwa wa mdondo ukipita Shishiyu, mbegu ilikuwa salama kwingine.

Na mdondo ulipita. Wataalamu waliutambua mwaka 1926, kisiwani Java na mjini Newcastle, Uingereza. Sisi tuliujua kwa shingo zilizopinda, mabawa yaliyolegea na mharo wa kijani. Ulisafiri na matenga ya wachuuzi kutoka mnada hadi mnada.

Zamani umbali ulisaidia, maana kaya zilitawanyika, kila moja ndani ya uzio wake wa minyaa. Mwaka 1974 operesheni ya vijiji ilipofika mkoa wa Shinyanga, ambao Maswa ilikuwa ndani yake, watu walihamishwa na nyumba zikapangwa kwa mstari. Waliosimulia habari hizo wamezungumzia shule, zahanati na visima, na wengine machungu ya kuhamishwa. Mimi naongeza kuku. Hawajui mpaka wa kiwanja, na kuku wa jirani aliyeugua asubuhi alikuwa ameshapekua jalala lako jana yake.

Kilichobadilisha mambo ni tone la jicho. Chanjo ya mdondo ya I-2, ambayo mbegu yake ilitoka Australia, ilitengenezwa Temeke, Dar es Salaam, na baadaye Kibaha. Inastahimili joto kuliko chanjo za kawaida, jambo kubwa kwa kijiji kisicho na friji. Tone moja jichoni, likarudiwa kila miezi 3 au 4, na kundi likaanza kudumu. Likawa kubwa mno kwa jikoni, likajengewa banda la miti na bati.

Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012, makao makuu Bariadi, walaji wa mjini waliongezeka. Baadaye wakaja vifaranga wa aina ya Sasso na Kuroiler ndani ya maboksi, wanaotaka joto na chumba chao peke yao. Ndipo wengi walipojenga banda la pili. Vifaranga wakishakua linabaki tupu, na hapo ndipo ninapogombana na majirani, kwa sababu wanaona utupu huo ni hasara. Wanalijaza kuku, au mbaya zaidi, magunia ya pamba.

Banda tupu lina kazi. Likiwapo, utitiri ukivamia banda kubwa unahamisha kundi, unachoma matandiko na kupaka chokaa. Jogoo anayezubaa unamtenga kabla hajaambukiza wenzake. Kuku mgeni naye anakaa humo wiki 3, kwani mdondo unaweza kujificha mwilini hata wiki 2, na chanjo haimponyi aliyekwisha kuambukizwa. Lijenge mbali na lile kubwa, upande ambao upepo wake hauelekei kwa kuku wako, na mhudumu alifikie mwisho, baada ya kumaliza wazima.

Basi ndugu mfugaji, ukirudi mnadani na jogoo wa aina ya Kuchi, hata kama kifua chake kimekupendeza namna gani, mpeleke kwanza banda la pili.