Kivuli Kinachofanana na Maji

Nikisimama Suji, naiona tambarare ya Makanya chini yangu. Novemba 2009, kwingine katika milima hii hii ya Upare, mvua kubwa iliporomosha udongo katika kijiji cha Goha, Mamba Miamba. Zaidi ya watu 20 walikufa.

Aprili 2014 Ulaya ilirusha setilaiti ya Sentinel-1. Rada yake hupenya mawingu, huona hata usiku, na maji yaliyotulia hutokea meusi pichani. Tangu 2021 kompyuta huzichambua picha hizo kila zinapofika, kutafuta mafuriko duniani kote.

Lakini nyuma ya mlima rada huacha kivuli, nacho ni cheusi kama maji. Ili ramani isidanganye, sehemu hizo huachwa nje. Mafuriko ya tambarare yataonekana. Mteremko anakolala bibi yangu hautaonekana.

Wazee wetu waliochimba ndiva walimwagilia kwa zamu. Onyo nalo linahitaji zamu: setilaiti ilinde bonde, sisi tulinde mteremko. Ardhi ikipasuka usiku, anayebisha mlangoni kwa bibi ni jirani.