Pikipiki ya mtu mmoja

Mwaka 2007 Casey Stoner, kijana wa Australia mwenye miaka 21, alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za pikipiki za MotoGP akiwa na Ducati, kampuni ya Bologna iliyoingia kwenye mashindano hayo mwaka 2003 tu. Alishinda mbio 10. Mwenzake Loris Capirossi, aliyekuwa na timu hiyo tangu msimu wake wa kwanza, alishinda moja, akamaliza wa saba. Mwaka uliofuata Capirossi akaondoka, akaja Marco Melandri, mshindi wa pili wa dunia wa mwaka 2005. Stoner akashinda mbio 6, Melandri akaishia nafasi ya 17. Akafuata Nicky Hayden, bingwa wa mwaka 2006, naye msimu wa 2009 akamaliza wa 13. Watu watatu waliokwisha kuthibitisha uwezo wao kwingine walishindwa juu ya chombo kilekile, na bado lawama ziliwaangukia wao. Naona hapo ndipo Ducati ilipopotea: ushindi wa Stoner uliziba masikio ya wote waliopaswa kuwasikiliza hao wengine.

Walichokuwa wakisema kilikuwa cha kifundi kabisa. Dereva anapofunga breki na kuilaza pikipiki kwenye kona, anahitaji kuhisi kupitia usukani jinsi tairi la mbele linavyoshika lami. Asipohisi, ama atapunguza mwendo, ama ataanguka bila onyo. Ducati ilikuwa bahili wa hisia hiyo. Stoner aliishi na upungufu huo kwa namna yake: aliingia kona kwa kasi bila kungoja ushahidi wa tairi la mbele, kisha akaigeuza pikipiki kwa nyuma, akilifanya tairi liserereke kwa mafuta na breki ya nyuma. Ni ufundi wa ajabu, lakini haufundishiki kwa msimu mmoja. Kiwanda nacho kilisonga mbele kana kwamba msingi ni mzima. Mwaka 2009 kikaacha fremu ya mabomba ya chuma na kutumia ya nyuzi za kaboni.

Wapo watakaosema mchagua jembe si mkulima: dereva anayelipwa mamilioni aizoee pikipiki aliyopewa, maana Stoner aliweza. Hoja hii ina uzito, na ingesimama kama isingekuwa mwaka 2011. Msimu huo Stoner alihamia Honda na kuwa bingwa papo hapo, tena kwa mbio 10. Kiti chake Ducati kikachukuliwa na Valentino Rossi, bingwa mara saba wa daraja la juu, akiwa na fundi wake mkuu Jeremy Burgess. Katika misimu miwili Rossi hakushinda hata mbio moja. Alimaliza wa saba, kisha wa sita. Wapo waliosema amezeeka, na ni kweli kwamba alikuja akiwa na bega bovu. Lakini alirudi Yamaha mwaka 2013, akashinda Assen mwaka huohuo, na mwaka 2014 na 2015 akawa wa pili duniani. Tairi nazo haziwezi kubebeshwa mzigo wote, kwa kuwa tangu 2009 timu zote zilitumia Bridgestone.

Ducati haikukaa bure. Ilihamia fremu ya alumini, na mwishoni mwa 2013 ikamleta Gigi Dall'Igna kutoka Aprilia kuongoza kazi ya ufundi. Ushindi ulirudi mwaka 2016. Mfano ninaoupenda kuliko yote, hata hivyo, ni tangi la mafuta. Jorge Lorenzo alijiunga mwaka 2017 na kumaliza msimu bila ushindi. Alilalamika kwamba wakati wa kufunga breki hana pa kuegemeza mwili, mikono inachoka mapema. Mwaka 2018, kabla ya mbio za Mugello, akatengenezewa tangi la umbo jingine. Akashinda Mugello, akashinda Catalunya, baadaye na Austria. Injini ilikuwa ileile, mtu yuleyule. Kilichobadilika ni mahali pa kujizuia. Siku chache tu baada ya Mugello ilitangazwa kwamba anahamia Honda, kwa kuwa imani ilikwisha kabla tangi halijafika.

Huko Honda alikuta hali ambayo Melandri angeitambua. Marc Márquez alikuwa akitwaa taji baada ya taji. Lorenzo alimaliza mwaka 2019 akiwa na pointi 28, akastaafu. Mwaka 2020 Márquez alivunjika mkono kwenye mbio za kwanza, Jerez, na Honda haikushinda mbio hata moja msimu ule. Kufikia 2022 ilikuwa ya mwisho kati ya viwanda sita. Mwaka huohuo Ducati ilikuwa na pikipiki nane uwanjani, na madereva wake watatu tofauti, Francesco Bagnaia, Enea Bastianini na Jack Miller, walishinda mbio. Bagnaia akailetea ubingwa wa kwanza wa madereva tangu Stoner.