Mzigo Hauna Breki

Oktoba 2021, tingatinga zilipoingia Mukuru kwa Njenga kufungua njia ya barabara, tulikuwa na pikapu moja ya kukodi, familia mbili, na muda mfupi sana. Nilirusha vitu ndani vile vilinijia mkononi. Godoro chini, mabati juu yake, cherehani ya mathe juu kabisa. Mzee mmoja wa ploti yetu akasimama, akaangalia kazi yangu, akatikisa kichwa.

"Kijana wangu, shusha zote."

"Mzee, si unaona tingatinga iko pale?"

"Naiona. Shusha."

Tulishusha. Cherehani akailaza sakafuni, akaisukuma mpaka ikagusa ukuta wa mbele, nyuma tu ya dereva. Mabati akayafunga pamoja, akayasimamisha kando, makali yakiwa yamezungushiwa pazia kuukuu. Meko akakagua kama imefungwa vizuri, akaisimamisha wima na kuibana kwa magunia ya nguo ili isibiringike. Godoro likaja mwisho, na juu yake kamba ikapita mara mbili, ikikatana katikati. Mimi nilikuwa nimeshika blada, ile mipira ya tyubu ambayo watu wa boda hutumia. Akaninyang'anya. "Blada ni ya kushikilia. Inavutika. Ya kufunga ni kamba."

Nikasema basi nitakaa juu nishikilie godoro, upepo usilibebe. Akacheka. "Kamba ikikuhitaji wewe, bado haijafungwa." Kisha akanieleza kwa nini anasumbuka hivyo: gari lina breki, mzigo hauna. Dereva akikanyaga ghafla, gari linasimama, lakini cherehani inaendelea na safari yake kwa mwendo uleule, na aliye mbele yake ni dereva.

Nilimuuliza alijifunzia wapi. Akasema juu ya keria, Machakos Country Bus, akipakia magunia na vitanda vya watu waliokuwa wakienda ushago. Hakuna aliyempa cheti. Hapo ndipo nilianza kufikiria historia ya kazi hii, na nikagundua kwamba mji huu umejengwa na watu waliojua kufunga mzigo, halafu ukawasahau.

Kabla ya gari, gari lilikuwa mtu. Katika misafara ya karne ya 19 kutoka pwani kwenda bara, mzigo wa mpagazi ulipimwa kwa frasila, na frasila moja ni kama kilo 16. Frasila mbili kichwani au begani, siku baada ya siku. Mzigo uliofungwa vibaya ulimla mwenye kuubeba kwanza: ulimchubua bega, ulimvuta upande mmoja, ulimwangusha mtoni. Reli ilipofika Nairobi mwaka wa 1899, ungedhani mabega yamepumzika. Lakini vita vya 1914 vilipoanza, Waingereza walikusanya tena wapagazi kwa maelfu na maelfu, wengi kwa nguvu, wabebe chakula na risasi za jeshi. Makumi ya maelfu hawakurudi. Wengi hawakuuawa na risasi, walimalizwa na magonjwa, njaa na uchovu. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Ukishuka Kariokor leo kununua kiondo au kula nyama choma, unalitaja jina lao kila siku bila kujua. Na pale Kenyatta Avenue, kwenye sanamu za shaba, mmoja wa wale watatu ni mpagazi. Tunampita tukikimbilia mathree.

Matatu nazo zilichukua kazi hiyo kwa njia yao. Jina lenyewe ni nauli ya kitambo, senti thelathini, sarafu tatu za senti kumi. Mwaka wa 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu kubeba abiria bila leseni ile ya mabasi, na ghafla kila mtu wa Eastlands akawa na gari la kumbeba yeye na gunia lake. Makanga akawa mtu wa nauli, wa mlango na wa mizigo, vyote kwa pamoja.

Kisha zikaja sheria za Michuki, zilizotangazwa 2003 na kuanza kushikwa kwa nguvu Februari 2004: mikanda kwa kila kiti, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, mstari wa njano, sare. Zilifanya kazi nzuri. Lakini zilimfunga abiria, na gunia la viazi nyuma ya kichwa chake likabaki huru. Mpaka leo unaweza kukaa umejifunga mkanda vizuri, na kando yako kuna mtungi uliosimama kwa imani tu.

Si kwamba sheria haijui mizigo. Sheria ya Trafiki, Sura 403, inakataza kupakia gari kwa namna ya kuhatarisha watu, na inasema kitu kikianguka barabarani, kule kuanguka kwenyewe ni ushahidi kwamba kilipakiwa vibaya, mpaka uthibitishe vingine. Naielewa hiyo. Sufuria ikidondoka Outer Ring inaweza kuua mtu wa boda. Lakini siku ile, maelfu ya watu wakifunga nyumba zao kwa haraka, niliona upande wake mwingine. Mzigo ukianguka, sheria inamuuliza aliyefunga. Yule aliyemnyima muda wa kufunga haulizwi chochote.

Ndio maana mzee hakukubali niharakishe. Mtu wa mtaa wetu akipoteza cherehani barabarani, hapotezi mzigo tu. Anapoteza kodi, chakula na fees.

Tulipoondoka, alimpa dereva agizo moja: "Ukifika mbele kidogo simama, mkaze tena. Mzigo ukishatikisika, unakaa upya, na kamba inalegea." Tulisimama steji ya Taj, jina ambalo limebaki ingawa jengo lenyewe lilibomolewa 2018. Kweli, kamba ilikuwa imelegea, kidole changu kilipita chini yake. Nikaikaza kwa mguu, vile nilivyomwona akifanya.

Cherehani ilifika Pipeline nzima. Mathe aliifungua jioni hiyohiyo, akaifuta vumbi, akashona pazia lililokuwa limechanwa na mabati.