Herufi Moja, Uzito Mbalimbali: Historia ya Alama za Fizikia na Hisabati katika Udahili wa Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki

Utangulizi

Katika mijadala ya udahili wa wanafunzi wanaovuka mipaka ya nchi za Afrika Mashariki, herufi iliyoandikwa kwenye cheti huchukuliwa kuwa kipimo kilichokamilika. Mwombaji wa shahada ya uhandisi anayeleta C ya Fizikia na C ya Hisabati kutoka Tanzania huwekwa kando ya mwenzake wa Uganda mwenye herufi hizo hizo, kisha jedwali la ulinganisho hutumika kuamua nani apewe nafasi. Hata hivyo, C ya Tanzania huhesabiwa kuwa pointi 3 katika udahili wa nchini humo, ilhali C ya Uganda huhesabiwa kuwa pointi 4. Vipeo navyo havilingani: A ni pointi 5 Tanzania na pointi 6 Uganda.

Tofauti hiyo ya pointi ni nyepesi kusawazisha kwa hesabu ndogo. Jambo zito zaidi liko nyuma ya herufi: ni kanuni ipi iliyoizaa, katika mwaka upi, na miongoni mwa watahiniwa gani. Makala haya yanadai kwamba ulinganisho wa ugumu na wa alama za mitihani ya Fizikia na Hisabati katika ukanda wetu ni suala la kihistoria kabla ya kuwa suala la kitakwimu. Kipimo cha pamoja kiliwahi kuwapo. Kilipovunjika, herufi zilibaki zikifanana kwa sura huku maana zake zikiachana.

Kipimo kimoja kwa chuo kimoja

Hadi miaka ya 1960, wanafunzi wa sekondari wa Kenya, Uganda na Tanganyika walitahiniwa na Halmashauri ya Mitihani ya Chuo Kikuu cha Cambridge. Maswali yalitungwa Uingereza, na mipaka ya madaraja iliamuliwa huko. Mfumo huo ulikuwa na kasoro nyingi, kubwa ikiwa ni umbali wake na mazingira ya mwanafunzi wa Kiafrika. Lakini ulikuwa na sifa moja ambayo haikuonekana kuwa sifa hadi ilipotoweka: mtahiniwa wa Tabora na wa Budo walipimwa kwa karatasi moja na kwa mpaka mmoja.

Sifa hiyo ilikuwa na matumizi ya dhahiri. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichodumu kuanzia 1963 hadi 1970, kiligawana taaluma za gharama kubwa baina ya vyuo vyake vitatu. Udaktari ulifundishwa Makerere, sheria Dar es Salaam, na uhandisi Nairobi. Mtanzania au Mganda aliyetaka kuwa mhandisi alikwenda Nairobi, na Fizikia na Hisabati ndiyo masomo yaliyomfungulia mlango. Kwa kuwa mlango ulikuwa mmoja, ilifaa kipimo nacho kiwe kimoja.

Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki lilianzishwa 1967 ili kuhamishia kazi hiyo mikononi mwa nchi zenyewe. Nia ilikuwa kuufanya mtihani uwe wa Kiafrika bila kuvunja umoja wa kipimo. Umoja huo haukudumu.

Kugawanyika kwa mabaraza

Tanzania ilijitoa katika Baraza hilo mwaka 1971, na Baraza la Mitihani la Tanzania likaundwa kwa sheria ya 1973. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha uhandisi. Sadfa hiyo ya miaka inaeleza mengi: nchi iliyokuwa na kitivo chake cha uhandisi haikuuona tena ulazima wa kutumia mtihani wa majirani. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977. Kenya iliunda baraza lake mwaka 1980, na Uganda ikatunga sheria ya baraza lake mwaka 1983.

Kenya ilisogea mbali zaidi ilipoanzisha mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985. Kidato cha 5 na cha 6 viliondolewa, na mtihani wa kwanza wa KCSE ukafanywa 1989. Tangu hapo Mkenya amekuwa akiingia chuo kikuu baada ya miaka 12 ya masomo na Mtanzania au Mganda baada ya miaka 13. Alama ya Fizikia ya Kenya na ile ya majirani zake hazipimi tena umbali uleule wa safari.

Kanuni tatu za kuzaa herufi

Baada ya kugawanyika, kila baraza lilijijengea utaratibu wake wa kugeuza alama ghafi kuwa herufi.

Uganda kwa muda mrefu imetumia utaratibu wa kuoanisha karatasi. Kila karatasi hupewa daraja la 1 hadi 9, na herufi ya somo hutokana na jinsi madaraja hayo yanavyokutana, karatasi dhaifu ikiwa na sauti kubwa kuliko nyingine. Hisabati ina karatasi mbili. Fizikia ina tatu, moja ikiwa ya vitendo. Katika somo la karatasi mbili, A hudai kwamba zote ziwe daraja la 1 au la 2. Katika somo la karatasi tatu, karatasi moja huruhusiwa kufika daraja la 3. Kwa hiyo mtahiniwa mwenye madaraja 1 na 3 katika Hisabati hupata B, ingawa wastani wake ni 2. Mwenye 2, 2 na 3 katika Fizikia hupata A, ingawa wastani wake ni dhaifu zaidi. Tofauti hiyo haitokani na ugumu wa somo lolote kati ya hayo mawili. Inatokana na idadi ya karatasi.

Athari yake katika udahili si ndogo. Chuo Kikuu cha Makerere huzidisha kwa 3 pointi za masomo ya lazima ya programu, na kwa uhandisi masomo hayo ni Hisabati na Fizikia. Tofauti ya A na B katika somo moja huwa basi pointi 3 katika jumla ya mwombaji, yaani mara mbili ya nyongeza ya pointi 1.5 ambayo waombaji wa kike wamekuwa wakipewa tangu 1990.

Kenya hufuata njia nyingine. Mipaka ya gredi huwekwa kwa kila somo baada ya usahihishaji, na yaweza kubadilika mwaka hadi mwaka. Gredi 12, kuanzia A hadi E, hupewa pointi 12 hadi 1. Kwa udahili, pointi za masomo manne ya kundi husika, zenye kipeo cha 48, huunganishwa na ufaulu wa jumla wa masomo saba wenye kipeo cha 84. Fizikia ya Mkenya haisimami peke yake kama ya Mganda. Huvutwa juu au chini na masomo ambayo hayahusiani na uhandisi.

Tanzania hujumlisha alama za karatasi, huongeza alama za upimaji endelevu wa shuleni, kisha husoma herufi kwenye mizani ya alama. Mizani hiyo ndiyo iliyopitia misukosuko inayofaa kuchunguzwa kwa karibu.

Funzo la Tanzania, 2012 hadi 2016

Matokeo ya kidato cha 4 ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yaliwaweka zaidi ya nusu ya watahiniwa katika daraja sifuri. Mojawapo ya mambo yaliyobainika ni kwamba mipaka isiyobadilika ya alama ilikuwa imetumika badala ya utaratibu wa awali wa kusanifisha. Mwezi Mei serikali iliyafuta matokeo hayo na kuagiza yasanifishwe upya. Majibu ya watahiniwa yalikuwa yaleyale na maswali yaleyale. Kilichobadilika ni kanuni.

Mizani mpya ilifuata. Katika mtihani wa kidato cha 6 wa 2014 na wa 2015, A ilianzia alama 75, B+ 60, B 50, C 40, D 30 na E 20. Kuanzia 2016 A ilianzia 80, B 70, C 60, D 50, E 40 na S 35. Miongozo ya Tume ya Vyuo Vikuu ililazimika kuwagawa waombaji kwa mwaka wa kuhitimu. Sharti la jumla lilibaki kuwa pointi 4 kutoka katika masomo mawili, lakini kwa wahitimu wa 2014 na 2015 pointi 2 zilikuwa za C, na kwa wahitimu wa 2016 na kuendelea zilikuwa za D.

Tumchukue mtahiniwa mwenye alama 45 katika Fizikia na 45 katika Hisabati. Akiwa mhitimu wa 2015 ana C mbili, pointi 4, na anatimiza sharti. Akiwa mhitimu wa 2016 ana E mbili, pointi 2, na mlango umefungwa. Mtu anaweza kujibu kwamba huenda mtihani wa 2016 ulikuwa mwepesi zaidi, hivyo alama 45 zake hazikuwa na thamani ileile. Huenda. Lakini mizani yenyewe haina njia ya kutuambia. Mipaka isiyobadilika hudhania kwamba ugumu wa maswali haubadiliki. Mipaka inayowekwa upya kila mwaka aghalabu hudhania kwamba uwezo wa watahiniwa haubadiliki sana. Kila upande una dhana usiyoithibitisha.

Fizikia, Hisabati na suala la nani anatahiniwa

Dhana ya tatu hujificha katika takwimu za ufaulu. Nchini Tanzania, Hisabati ya kidato cha 4 kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa masomo yenye ufaulu wa chini, na wengi huhitimisha kwamba ni ngumu kuliko Fizikia. Ulinganisho huo una kasoro. Hisabati hufanywa na wote. Fizikia hufanywa na waliobaki katika mkondo wa sayansi. Nchini Kenya pia Hisabati ni ya lazima na Fizikia ni ya hiari. Tangu matokeo ya KCSE ya 2023, gredi ya wastani hukokotolewa kwa Hisabati, lugha moja na masomo mengine matano bora, na hivyo Fizikia huhesabiwa tu pale inapomfaa mtahiniwa.

Katika kidato cha 6 hali hugeuka. Mwanafunzi wa tahasusi ya Fizikia, Kemia na Hisabati hufanya masomo yote matatu, na hapo ndipo ugumu unapoweza kulinganishwa kwa haki: watahiniwa walewale, mwaka uleule, masomo mawili. Mtafiti anayetaka kujua lipi ni gumu zaidi na aanzie kwa kundi hilo.

Hitimisho

Mfumo wa Sifa wa Afrika Mashariki kwa Elimu ya Juu wa 2015, na tangazo la 2017 la Eneo la Pamoja la Elimu ya Juu, vimeturudisha kwenye hali ya miaka ya 1960: mwanafunzi wa nchi moja anatarajiwa kugonga mlango wa chuo cha nchi nyingine. Kipimo cha pamoja hakikurudi pamoja naye. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyojiunga na Jumuiya mwaka 2022, imeongeza cheti kinachotaja asilimia badala ya herufi.

Makala haya hayapendekezi kufufua baraza moja la mitihani. Yanapendekeza hatua nne zilizo ndani ya uwezo wa taasisi zilizopo. Kwanza, mabaraza yabadilishane kila mwaka mtawanyo wa alama ghafi na mipaka ya madaraja ya Fizikia na Hisabati. Pili, maswali machache ya pamoja yajaribiwe kwa sampuli ya watahiniwa wa kila nchi, ili ugumu wa mitihani uwe na nguzo moja ya kuulinganisha. Tatu, vyuo vifuatilie matokeo ya mwaka wa kwanza ya wanafunzi wa uhandisi kwa kuzingatia cheti walichoingilia. Nne, baraza lolote linalobadilisha mizani lichapishe pia matokeo ya mwaka uliotangulia kwa mizani mpya.

Hatua hii ya nne ni rahisi kuliko zote, kwani data zake tayari zimo katika kumbukumbu za kila baraza. Ingalichukuliwa 2014 na tena 2016, mwenye alama 45 na mshauri wake wangalijua kama kilichobadilika ni elimu ya mtahiniwa au ni mizani tu.