Hewa ya msukumo

Ukifuata Kiingereza cha "non-invasive respiratory support" neno kwa neno utapata "usaidizi wa upumuaji usio vamizi". Kisarufi jina hilo halina kasoro. Ila hebu mwambie mama mmoja wa mtaa wa Lemon Gaba, pale Juba, aliyejifunzia Kiswahili ukimbizini Kakuma, kwamba mwanawe mwenye kichomi atapewa matibabu yasiyo ya uvamizi. Uvamizi anaoujua yeye ni watu wenye bunduki usiku. Atashtuka, na ana haki.

Wanachokikana madaktari hapo ni mpira tu. Mgonjwa aliyezidiwa hulazwa kwa dawa ya usingizi, mpira ukapitishwa kooni hadi kwenye njia ya hewa, kisha mashine ikapumua badala yake. Mashine hizo ni adimu. Korona ilipothibitishwa Sudan Kusini, Aprili 2020, iliripotiwa kuwa nchi nzima ilikuwa na nne.

Kabla ya kufika huko kuna njia ya kati, nayo ndiyo isiyo na jina mitaani. Watu husema "amewekewa oksijeni" na kumaliza. Lakini oksijeni ni kitu kimoja na msukumo ni kingine. Mapafu yenye ugonjwa yana vifuko vya hewa vinavyonywea kila mgonjwa anapotoa pumzi, na kuvifungua upya ni kama kupuliza puto jipya: pumzi ya kwanza ndiyo inayochosha. Oksijeni ya mtungi, hata iwe nyingi, haizuii vifuko kunywea. Kinachovizuia ni hewa inayosukumwa mfululizo, wakati wa kuvuta pumzi na wakati wa kuitoa. Madaktari huiita CPAP.

Kwa watoto kuna aina isiyohitaji mashine kubwa. Hewa yenye oksijeni huingia kwa vijibomba vya puani, na bomba la kutokea huzamishwa kwenye chupa ya maji. Likizama sentimita tano, msukumo ni wa sentimita tano za maji. Ukitaka zaidi, unalizamisha zaidi. Muuguzi hutazama mapovu. Yakikoma, mara nyingi hewa inavuja mahali: kijibomba kimechomoka puani, au mtoto ameachama.

Kwa hiyo "hewa ya barakoa", ambayo baadhi yetu tunaotafuta jina tungeipenda, haitoshi, maana mtoto huyu hana barakoa. Na barakoa yenyewe tangu 2020 tunaijua kama kitambaa cha kuzuia mate yasiwafikie wengine. Ya hospitali ikivaliwa vibaya hufanya kinyume: hewa yenye vijidudu huponyoka pembeni kwa nguvu na kumpata muuguzi. Ndiyo maana mwenye kifua kikuu au korona akiwekewa msukumo, chumba kinatakiwa kipitishe hewa, na wahudumu wavae barakoa za kuchuja.

Mimi nashika "hewa ya msukumo", na penye shaka naongeza "bila mpira kooni". Neno "usaidizi" ningelihifadhi kwa sababu moja: mgonjwa bado anapumua mwenyewe. Akichoka kabisa, hewa ya msukumo peke yake haitampumulia.

Hapo ndipo macho ya mhudumu yanapohitajika. Dhaka, Bangladesh, utafiti uliochapishwa 2015 ulionyesha watoto wenye kichomi kikali waliopewa msukumo wa mapovu wakifa asilimia 4, dhidi ya 15 ya waliopewa oksijeni ya kawaida. Salima, Malawi, matokeo ya 2019 yaligeuka: asilimia 17 kwa msukumo, 11 kwa oksijeni. Watoto wa Salima wengi walikuwa na VVU, utapiamlo au upungufu mkubwa wa oksijeni, na walikuwa katika wodi ya kawaida ya hospitali ya wilaya, bila daktari wa kuwasimamia kila siku. Njia ya mapovu ilikuwa ile ile.