Kuingia Ushirika Mbinga Kumekuwa Rahisi Kuliko Kutoka

Kwa muda mrefu mkulima wa Umatengo, yaani milima ya Mbinga, ameandikwa kwenye daftari la ushirika bila kuonyeshwa jina hufutwaje. Sheria ya ushirika ya mwaka 1932 iliruhusu vyama vya wakulima Tanganyika, na mwaka 1936 Wangoni na Wamatengo wakapata chama chao kikuu. Miaka 30 baadaye, uchunguzi wa serikali wa mwaka 1966 ulikuta wizi na uongozi mbovu katika vyama vingi nchini. Tiba iliyofuata ilizidisha ugonjwa. Kwa sheria ya mwaka 1975, kijiji kilichoandikishwa kilihesabiwa kuwa chama cha ushirika, na tarehe 14 Mei 1976 vyama vikuu vikavunjwa. Mvuvi wa Liuli ziwani na mkulima wa kahawa wa milimani wakawa wanaushirika kwa kuishi tu pale walipoishi. Aliyetaka kujitoa ilimbidi ahame, na kule alikohamia akakuta daftari jingine linamsubiri. Watetezi wa mpango huo walisema kwa njia hiyo kila mwanakijiji angefikiwa na huduma. Nia hiyo naiheshimu, lakini kiongozi asiyeweza kukimbiwa na wanachama ana sababu gani ya kuwasikiliza?

Vyama vilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na baadaye Mbinga ikapata chama chake kikuu, MBICU. Kiliwapa wakulima mbolea na dawa ya chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa, kwa mkopo, na deni likakatwa mkulima alipoleta kahawa. Sheria ya mwaka 1991 ikatamka kwamba uanachama ni wa hiari. Katikati ya muongo huo wanunuzi binafsi wakaruhusiwa, wakaja na fedha taslimu. Mkulima mwenye deni akawauzia wao, MBICU ikakosa cha kukata, ikaanguka. Wapo wanaosema uhuru ndio uliokiua chama. Mimi nasema watu wale hawakujitoa: waliondoka kimyakimya, majina yao na madeni yao yakabaki vitabuni. Kama kungekuwa na utaratibu wa kuaga, hisa zikahesabiwa na deni likawekwa mezani, chama kingejua mapema nani anabaki na nani anadaiwa nini.

Mwaka 2018 ikaamriwa kahawa ipitie AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa mazao, hadi mnadani. Hoja ya mpango huu ina uzito. Kahawa mbivu ikikusanywa na kumenywa pamoja, ubora wake husimamiwa vizuri zaidi, na magoma, yaani kuuza kahawa ingali mtini kwa bei ya shida, hupata mpinzani. Nakubali yote hayo. Ila kupitisha mzigo kwenye mizani ya chama na kuwa mwanachama wake ni mambo mawili. Asiyetaka uanachama apimiwe kahawa yake, akatwe gharama ya huduma aliyopewa, alipwe kilichobaki. Na mwanachama asomewe masharti ya kujitoa siku ileile anapolipa kiingilio: anatoa taarifa kwa nani, hisa zake hurudishwa lini, deni la pembejeo linahesabiwaje. Kisha apewe karatasi yenye muhuri inayoonyesha jina lake limefutwa, ili msimu ujao asikute makato yasiyomhusu.